Siku Ambayo Sikuilaza Pikipiki

Al-Shumaisi, Riyadh
Ijumaa, saa saba mchana

Kimani mwanangu,

Hujambo. Mimi kwa mwili sijambo. Leo ni siku yangu ya mapumziko, na nimekuja hapa Shumaisi kwenye chumba cha Wafula, yule Mkenya mwenzangu anayelinda ghala. Kule Suwaidi kwa bosi nisingeweza kukaa hata nusu saa bila mtu kugonga mlango: "Yusufu, yalla, gari!", maana huku jina langu wameligeuza hivyo. Wafula ametoka zamu, amelala anakoroma. Mimi niko sakafuni, naandika juu ya kifuniko cha sufuria. Nikimaliza nitapiga picha kila ukurasa nikutumie, uusome leo leo.

Kesho asubuhi unatoka Nakuru, unakuja Jeddah kuendesha pikipiki ya kupeleka watu chakula. Mambo ya begi, karatasi na ikama, kile kibali cha kuishi huku, sitayagusa. Ajenti amekueleza, na yale aliyokuficha utayajua ndani ya wiki moja kama sisi sote tulivyoyajua. Mimi nataka kujibu swali lako la Jumapili.

Uliniuliza, "Baba, nikienda, nani atamwinua mjomba?" Halafu ukasema, "Wewe ulikataa Uingereza kwa ajili yake. Mimi hata Jeddah nishindwe kukataa? Afadhali nisije." Nikakwambia bosi ananiita, nikakata simu. Hakuna bosi aliyeniita. Nilikuwa ndani ya gari mbele ya duka la dawa huko Malaz, madam, mke wa bosi, ameingia kutafuta dawa ya kikohozi ya mtoto, na mimi nimekaa tu nimeshika usukani wa gari lililozimwa.

Kimani, mimi sikukataa Uingereza. Hiyo hadithi uliyolelewa nayo ni ya uongo, na mwenye uongo ni mimi.

Leo asubuhi nimempigia mjomba wako Githinji nikamwambia yote. Nimeanza na yeye kwa sababu jambo lenyewe ni lake kabla halijawa lako. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakata. Nimepiga tena mara nne, hashiki. Kwa hiyo kama leo umemwona amegeuza kiti chake cha magurudumu anaangalia ukuta, au amekataa chai, usidhani ni kwa sababu unaondoka. Ni mimi.

Sasa nitakusimulia nawe. Unaijua ile picha iliyo ukutani mwake, ya mzungu mwembamba mwenye mguu mmoja uliopinda kiunoni. Huyo ndiye Kushoto. Jina lake la kuzaliwa lilitushinda, tukamwita hivyo kwa sababu mbio za pikipiki alizotufundisha zilikuwa za kukata kona upande wa kushoto tu. Uwanja umeviringika kama yai. Waendeshaji wanne, mizunguko minne, yamekwisha. Dakika moja na kidogo. Watu wanaosema maisha ni mafupi hawajaona mbio za Kushoto.

Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwao Uingereza, baada ya vita vikuu vya pili. Alitoka jeshini kijana, hana ufundi mwingine isipokuwa kurekebisha pikipiki za kupeleka barua za maofisa, akaenda uwanjani kuomba nafasi. Alituambia mji wao ulikuwa bado una mashimo ya mabomu. Sukari na nyama vilikuwa vya kupimiwa kwa kadi. Lakini jioni ya mbio watu walikuja maelfu kwa maelfu, wazee, akina mama na vikapu, watoto mabegani, wakasimama kuona vijana wanne wakizungushana juu ya majivu ya makaa ya mawe. Majivu yaliwarukia machoni na kwenye mikate yao, nao wakala hivyo hivyo. Mimi na Githinji tulipenda sana hapo penye mikate, tukimwambia arudie.

Hakuwa bingwa. Hilo alilisema mwenyewe, kwa kile Kiswahili chake cha shambani. "Mimi iko mutu ya namba tatu. Lazima mutu moja iko namba tatu." Misimu saba alizunguka viwanja vya Uingereza kama mtu wa namba tatu, analala kwenye treni na pikipiki yake iko behewa la mizigo, anavunja mfupa wa bega, anafungwa, anarudi. Akavunja tena upande wa pili. Alikuwa akihesabu mifupa kwa vidole huku anakunywa chai, na kwa kweli tulicheka, maana alihesabu kama mama mboga anayehesabu nyanya.

Pikipiki zenyewe hazina breki. Najua wewe uliyekulia kwenye karakana ya mjomba utasema huo ni wazimu. Gia moja, breki hakuna. Mkiwa wanne mmebanana kwenye kona, mmoja akishika breki, wa nyuma anampanda mgongoni, ndiyo maana wakaziondoa kabisa. Kona unaikata kwa kuliachia gurudumu la nyuma liteleze, usukani umeuelekeza kulia na wewe unaenda kushoto, na mguu wa kushoto unauburuza chini ukiwa na soli ya chuma. Soli za kwetu zilifuliwa na yule mhunzi wa majembe aliyekuwa karibu na soko.

Sasa sikiliza, maana mambo yote yako hapa. Kama breki hakuna na mwenzako ameanguka mbele yako, kuna jambo moja tu la kufanya. Unailaza. Unaiangusha pikipiki yako kwa makusudi, ubavu, unaburuzika nayo kwenye changarawe. Mbio umepoteza. Pengine umevunjika. Lakini yule aliye chini humgongi.

Kushoto alitufundisha kulaza kuliko alivyotufundisha kukimbia. Tulikuwa vijana sita, alikuwa ametuchimbia uwanja pembeni ya shamba la mkonge nje ya mji, na kila Jumamosi aliweka gunia la vumbi la mbao kwenye kona ya pili. Unakuja na mwendo wako wote, halafu unalaza kabla ya gunia. Ukiligusa, unaosha pikipiki za wote. Wengine walinung'unika, wakisema mzee huyu ametufanya wanasesere wa kuanguka. Githinji alikuwa akiligusa mara kwa mara, aliosha pikipiki mpaka mikono ikababuka. Mimi sikuligusa. Nililaza nikaacha hatua tatu, wakati mwingine nne. Kushoto alikuwa anasimama pale na fimbo yake anapima kwa miguu, anasema, "Muzuri." Nataka ulijue hilo. Hakuna kijana aliyejua kulaza kunishinda mimi.

Siku moja nilimuuliza Kushoto mguu wake ulipindaje. Akasema msimu wa saba, kona ya kwanza, kijana wa timu nyingine alianguka mbele yake, yeye akalaza, wa nyuma yake akachelewa, akampitia kiunoni. Yule aliyenusurika akaja kuwa jina kubwa, kila Krismasi alikuwa anamtumia kadi. Kushoto akaja Kenya kurekebisha matrekta. Nikamuuliza kama alijuta. Akaniambia kila asubuhi yenye baridi anajuta. Nikangoja aseme "lakini". Aliendelea kusafisha plagi.

Basi, Kushoto akaandikiana na rafiki yake wa zamani huko kwao, aliyekuwa na uwanja. Rafiki akakubali kumpokea kijana mmoja wa Kiafrika, msimu mmoja, amjaribu. Kijana mmoja. Kushoto alisema hatachagua yeye, tutachaguana kwa mbio tano. Baada ya mbio nne mimi na Githinji tulikuwa sawa. Mbio ya tano watu walikuja wengi, hata mapadri walikuwepo.

Githinji alitangulia. Mzunguko wa tatu, kona ya pili, mahali pale pale pa gunia, gurudumu lake la nyuma likamkimbia akaanguka. Akaviringika akabaki amelala kifudifudi katikati ya njia. Mimi nilikuwa nyuma yake kama kutoka mlango wa nyumba yetu hadi choo cha nje. Kimani, nilikuwa na nafasi. Watu husema jambo kama hilo hutokea haraka, huwezi kufikiri. Si kweli. Nilifikiri. Niliona kati yake na ukingo wa ndani kuna upenyo, nikaona nikipita hapo mbio ni yangu, na nikaiona Uingereza. Mkono wangu wa kulia haukupunguza mafuta. Nikaingia kwenye ule upenyo.

Haukutosha. Gurudumu la mbele lilipita, usukani ukapita. Kile chuma cha kukanyagia kikampiga mgongoni.

Mimi sikuanguka. Hata hilo halikunifika.

Kila mtu aliona ajali. Pikipiki haina breki, kijana alijaribu kumkwepa rafiki yake, Mungu hakupenda. Ndivyo walivyosema kabla hata hajapakiwa kwenye pikapu. Githinji mwenyewe uso ulikuwa chini, hakuona kitu, na alipozinduka aliambiwa nilijitahidi kumkwepa. Aliyejua ni mmoja. Jumatatu nilienda karakana, Kushoto akaniambia bila kuinua macho, "Wewe ilikuwa na nafasi. Mimi naona." Barua ya Uingereza ilikuwa mezani. Akaichukua akairudisha kwenye droo ya spana. "Hapana enda. Na wewe ambia yeye. Hii si kazi yangu."

Kwa hiyo nilikatazwa. Sikukataa.

Sasa tazama uongo unavyokuja, maana nilidhani uongo ni kitu mtu anakaa chini akatunga. Nilienda hospitali, nikamkuta nyanya yako, mama yake Githinji, amekaa kando ya kitanda. Akaniuliza, "Na safari yako ya ng'ambo?" Nikajibu, "Siendi tena, mama." Ni kweli, siendi. Yule mama akanishika mikono miwili akalia, akasema, "Umeiacha kwa ajili ya mwanangu." Nikainamisha kichwa. Basi. Sikuongeza neno. Kufikia Jumapili kanisani kila mtu alikuwa anaijua hadithi ya Josefu aliyekataa Uingereza akabaki na rafiki yake. Wakaniombea. Wazee wa kanisa wakanipa mkono. Wewe mwenyewe uliwahi kuiandikia insha shuleni, mwalimu akakupa alama nzuri, mama yako akanitumia picha yake. Niliisoma kwenye taa nyekundu, na nikaendelea na safari.

Mama yako nilimjua pale pale hospitalini, akimletea kaka yake uji kwenye chupa. Umeshanielewa. Bila ile kona nisingemjua, na wewe usingekuwepo. Nimelifikiria hilo kwa miaka, nikitafuta kama nihuzunike au nishukuru, na sipati lolote. Kama nilimpenda kwanza au nilikuwa nalipa, sijui. Baada ya muda niliacha kujiuliza, tukawa mtu na mkewe kama watu wengine, tukigombana juu ya mabati yanayovuja.

Tukaishi na Githinji nyumba moja. Hapo mwanzo nilimwinua mimi. Asubuhi kutoka kitandani, jioni kurudi. Unamjua mjomba wako, mdomo haupumziki. Akiwa mikononi mwangu alikuwa akinitania, "Shemeji, polepole, mimi si gunia la Kushoto!" Anacheka. Alikuwa ananiambia hivyo karibu kila siku. Nami nacheka.

Na Kushoto alikuwa bado hai. Nikikutana naye mjini ananiuliza neno moja tu. "Bado?" Namjibu, "Bado." Anaenda zake anachechemea. Miaka na miaka, sokoni, posta, hata siku ya ubatizo wako alikuja na kuku wawili, akakubeba, akanitazama juu ya kichwa chako: "Bado?" Alipokufa nilibeba jeneza. Nilikuwa nimefurahi, Kimani. Nasema ukweli. Nilirudi nyumbani nikala vizuri.

Halafu nikaona hata asipokuwepo wa kuniuliza, ile sauti ya mjomba wako akinitania asubuhi siiwezi. Ajenti alipokuja kutafuta madereva wa Saudia nilikuwa wa kwanza kujiandikisha. Niliwaambia nakuja kutafuta karo yako. Karo ilipatikana, siwezi kukataa, lakini mimi nilikuwa nakimbia mgongo wa mtu. Miaka kumi na moja sasa. Mama yako akawa ndiye anayemwinua kaka yake, na mgongo wake ukaharibika kwa hiyo kazi, unajua. Alipougua na kufa mwaka ule, kafili, yaani bosi anayenidhamini huku, alikuwa hajamaliza karatasi za ikama yangu na sikuweza kutoka. Mazishi niliyaangalia kwenye simu, nimeegesha gari nje ya shule nikingoja watoto wa madam. Binti mdogo akaingia, akafungua chipsi, akaniuliza naangalia nini. Nikamwambia mafi, hakuna kitu.

Mama yako alizikwa kabla sijamwambia. Ndilo linalonishinda kuliko yote, na hata nalo nikiliandika hapa mkono umetulia tu. Ningetaka utetemeke. Zamani nilikuwa nalia nikiwaza haya, nikiwa peke yangu kwenye kile chumba cha dereva karibu na geti. Siku hizi ni kama jino lililokufa. Unaligonga na husikii kitu. Usidhani baba yako ni jasiri kwa kuandika haya kwa mwandiko mzuri. Nimekufa ganzi, ndiyo maana naweza.

Ukabaki wewe. Tangu ukiwa kidato cha pili ndiye unayemwinua mjomba, na hujawahi kunilalamikia. Naye amekufundisha injini kwa masikio, mpaka boda zote za mtaa zinakuja hapo mlangoni kusikilizwa kama wagonjwa. Na sasa umepata njia yako, na unataka kuiacha kwa sababu baba yako aliiacha yake. Hapo ndipo nilipoona huu uongo wangu bado unatembea. Huo uongo ulimshika mama yako akakaa nami, sasa unakushika wewe miguu mlangoni. Kama utabaki Nakuru, baki kwa sababu zako. Mfano wangu usiufuate, haukuwahi kuwepo.

Mimi naomba uje. Jeddah naijua, nimempeleka bosi na familia yake likizo, siku nzima ya barabara. Kuna bahari, kuna joto linalokushika shingoni, kuna vijana wetu kibao juu ya pikipiki wakipeleka kuku wa kukaanga. Utaendesha vizuri kuliko wote. Hilo ndilo linalonipa wasiwasi kidogo, kama bado kuna kitu kinachonipa wasiwasi. Mimi pia nilikuwa mzuri kuliko wote. Kushoto, mtu wa namba tatu, ndiye aliyelaza.

Utafanya makosa huku. Utachelewesha chakula, utagonga kioo cha gari la mtu, utamdanganya msimamizi, utanidanganya mimi kwamba umekula. Hayo ni ya kawaida. Ninachokijua mimi ni hiki tu: ile Jumapili ya kwanza, ningesimama kanisani nikasema "hapana, mimi ndiye niliyemgonga," ningepigwa, ningefukuzwa, na kufikia Pasaka wangekuwa wananisalimia tena. Sikujua kwamba siku ya kwanza ndiyo rahisi. Nilidhani itakuwa rahisi baadaye, watu wakitulia. Ikawa ngumu kila mwaka, mpaka ikawa ngumu mno hata nikaacha kuihisi.

Kuhusu swali lako, nani atamwinua. Nimemwambia bosi nataka kurudi nyumbani, halas, basi, moja kwa moja. Bosi huyo, Baba Fahad, alinitazama sana. Akasema mafi mushkila, hakuna shida, lakini nisubiri shule zifungwe, apate dereva mwingine. Ni kama wiki sita. Otieno fundi viatu, jirani yenu, amekubali kuja asubuhi na jioni mpaka nifike. Wewe utakuwa unafika mimi nikiwa natoka, na Riyadh hadi Jeddah si mwendo wa kusalimiana, kwa hiyo pengine hatutaonana. Nimelifikiria, nimeona ni sawa.

Nilikuwa nataka kumalizia hapa. Nimeacha kuandika kwa sababu mjomba wako amepiga.

Nimetoka nje kwenye ngazi nikashika. Nitakuandikia kama tulivyosema, nisipunguze, maana ndivyo alivyoniagiza.

Aliniita, "Shemeji."

Nikasema, "Naam."

"Lile gunia. Ulikuwa unaliacha hatua ngapi?"

"Tatu. Wakati mwingine nne."

"Na mimi siku ile nilikuwa mbali kuliko gunia, au karibu?"

"Ulikuwa mbali zaidi."

Nilisikia redio yake, nikasikia na wewe ukipita unamuuliza kama anataka chai. Akakwambia wacha. Halafu akaniambia, "Dada yangu hakukutaka. Unajua? Alisema una macho ya mtu anayeficha. Mimi ndiye niliyemsihi. Nilimwambia mtu aliyekataa Uingereza kwa ajili yangu, wewe utamkataa kwa lipi?"

Hilo sikulijua. Miaka yote hiyo mama yako hakuwahi kuniambia. Nikamwambia Githinji sina la kusema.

"Ndiyo, usiseme. Umesema vya kutosha leo." Akakohoa. "Kijana anajua?"

"Namwandikia sasa hivi."

"Mwandikie yote. Usijipunguzie hata kidogo. Na umwambie asafiri. Mimi sitaki mtoto wa watu afungwe kwenye kiti changu."

Nikamwambia nakuja. Nikamwambia nataka kuwa ninamwinua mimi, kama zamani.

"Sijasema ndiyo," akasema.

"Sawa."

"Sikupendi leo, Josefu. Kesho pia sitakupenda. Sijui kama nitakupenda."

"Sawa, shemeji."

"Lakini kitandani lazima nitoke." Halafu akaongeza, "Wewe hunijui tena. Ulipoondoka nilikuwa mwepesi. Sasa nimenenepa, na hii nyonga ya kulia imekaza, ukiivuta vibaya nalia kama mtoto. Njia zako za zamani hazifai. Muulize Kimani."

Hapo ndipo alipokata.

Nimerudi chumbani, Wafula bado amelala. Sasa hivi nimeona mkono hauandiki sawa, utanisamehe mistari imepinda. Mimi nilikaa chini leo nikupe mawaidha ya safari, na nimeona sina, na kuna jambo moja ambalo wewe unalijua na mimi silijui. Kesho kabla hujatoka utamwinua mara ya mwisho. Ukimaliza, kabla hujapanda gari, nitumie hata ujumbe wa sauti, uniambie polepole kama unayemweleza mgeni.

Unamshika wapi kwanza?

Ni mimi baba yako,
Josefu